Gwakisa Mwasomola na Injini Yake ya Tukuyu

Mchungaji, wifi yangu Anitha, ndugu, jamaa na majirani mliofika. Mimi ni Dorothea Mwasomola, dada wa marehemu, niliyemfuata kuzaliwa. Programu mliyoshika ina wasifu kwenye ukurasa wa pili, na mwenye kutaka kufuatisha kwa kidole ataona kwamba ninachosoma si hicho. Mle ndani marehemu ana watoto wawili. Ukweli ni kwamba ana watatu. Jina la mzaliwa wake wa kwanza, Domina, lilifutwa Jumatano kwenye kikao cha ukoo kilichokaa sebuleni kwangu, Alexandria, hapa Marekani, kwa hoja kwamba yeye ndiye chanzo cha kifo cha baba yake, na leo amepangiwa kusimama kule nyuma pamoja na wageni. Nilikuwepo. Nilimimina chai na sikusema neno. Mdogo wetu Fidelis, mwenyekiti wa kamati, ameshaanza kunikazia macho. Nikazie tu, baba, lakini nimeanza na nitamaliza.

Marehemu Gwakisa alizaliwa Ijumaa, tarehe 12 Machi 1937, katika kijiji cha Masoko, Rungwe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Asegelile Mwasomola na Mama Tupokigwe. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kichwa kigumu. Akitumwa kitu asichokielewa, hasogei mpaka aelezwe sababu, na Mama alikuwa akisema huyu akikua atawatesa wake za watu. Samahani, wifi.

Alisoma shule ya misheni Rungwe, akafaulu, na Januari 1952 akachaguliwa kwenda Tabora. Kwetu hakukuwa na reli. Ilibidi apande basi hadi Itigi, na hapo stesheni, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, ndipo alipoiona injini ya mvuke kwa mara ya kwanza. Aliizunguka, akainama kutazama magurudumu, akamuuliza dereva maswali mpaka firimbi ikalia. Alipanda treni akiwa na daftari moja mkononi. Sanduku lake la bati, lenye sare, blanketi na karanga za Mama, lilibaki limekaa juu ya jukwaa. Alilala wiki tatu bila blanketi, na barua aliyotuandikia nyumbani ilikuwa na kurasa mbili kuhusu injini na mstari mmoja kuhusu sanduku.

Mwaka 1957 aliajiriwa na shirika la reli, karakana ya Dar es Salaam, na Oktoba 1961 akapelekwa Crewe, Uingereza, kusomea boila, yaani matangi ya kuchemshia mvuke, kwa miaka miwili. Uhuru wetu ulimkuta huko. Wanafunzi wenzake walikwenda London kusherehekea. Yeye alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa la stesheni kwenye manyunyu, pamoja na vijana wa Kiingereza waliokuwa na ugonjwa kama wake. Mchezo wao ulikuwa kuwinda namba za injini. Kila mmoja ana kijitabu chenye namba za injini zote za nchi, na injini ikipita ukaiona, unaipigia mstari. Hakuna zawadi wala mshindi. Mtu anasimama kutwa nzima na chupa ya chai, anarudi nyumbani amelowa, na amefurahi.

Kulikuwa na injini moja ya kijani aliyoivizia Jumapili saba. Ya nane, alikwenda kujaza chupa yake chai, na ndipo ilipopita. Wenzake walimwambia apige mstari tu, wao wote ni mashahidi. Alikataa. Aliwaambia, na alinirudia maneno hayo mara nyingi, kwamba hawezi kuandika kitu ambacho macho yake hayakukiona. Aliondoka Uingereza mwaka 1963 bila kuipigia mstari injini ile. Ninyi mliokaa sebuleni kwangu Jumatano mkaamua kesi ya Domina, naomba nijue, ni nani kati yenu aliyekuwepo? Mimi nitasema kilichotokea, kwa sababu nilikuwepo.

Jumamosi, tarehe 24 Julai 1965, alifunga ndoa na Anitha katika kanisa la Moravian, Tabora. Mungu aliwajalia Domina mwaka 1967, Nehemiah 1970, na Serah 1974, huyu ambaye hata ukimsalimia Kinyakyusa atakujibu Kiingereza. Mwaka 1984 Anitha alipata kazi ya ukarani kwenye ubalozi wetu wa huku, familia ikahamia hapa, na marehemu akapata kazi ya kutunza mitambo ya joto kwenye majengo ya ghorofa, Silver Spring. Walinunua nyumba Greenbelt kwa sababu ilikuwa na besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi, na sote tuliofika pale tulijua besimenti ile ni ya nani.

Humo, kuanzia mwaka 1989, alijenga injini ya mvuke kwa mikono yake. Si kitu cha kuchezea cha dukani. Ilikuwa na boila ya shaba, ilikula makaa ya mawe, na watu wazima wawili walihema kuinyanyua. Aliipaka rangi ya kijani, na kwa kuwa rangi ile hutaka kuokwa ili ikamate, aliioka vipande vipande kwenye jiko la Anitha. Bata mzinga wa sikukuu ya Thanksgiving ya mwaka 1995 alinuka rangi, tukamla hivyo hivyo kwa adabu, na wifi hakumsemesha mumewe mpaka Jumapili. Injini aliipa jina la Tukuyu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema Serikali haijapeleka treni Tukuyu, basi yeye ameileta Tukuyu kwenye reli.

Mwezi Machi 1997 madaktari walimkuta na moyo uliotanuka. Alikatazwa chumvi, moshi na kubeba mizigo. Chumvi aliiacha. Kila asubuhi alipanda mizani, akaandika uzito wake kwenye daftari, na alipozidi kilo moja alimpigia simu Domina, ambaye ni muuguzi. Domina ndiye aliyempeleka kila apointimenti kwa mwaka mzima na nusu, akitoka zamu anaingia nyingine. Wengine tulikuwa tunapiga simu Krismasi.

Sasa nafika Jumamosi iliyopita, tarehe 7 Novemba 1998. Klabu ya wenye injini ndogo ina reli yake ndani ya bustani moja hapa Maryland, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya kufungwa kwa ajili ya baridi. Boila ya Tukuyu ilikuwa imepimwa mwezi Oktoba na Bwana Peterson, mkaguzi wa klabu, na ikapita. Bwana Peterson yuko hapa, yule mwenye kofia ya kijivu. Marehemu alitaka kuiendesha mara moja kabla hajafa. Ndivyo alivyosema, kwa maneno hayo, mezani, mbele ya mkewe. Anitha alikubali. Domina alibishana naye, akampima presha, akashauriana na daktari kwa simu, kisha akasema sawa, lakini ni saa moja tu, makaa nitatia mimi, na ukichoka unashuka. Hayo ndiyo mnayoyaita uzembe.

Saa tisa kasorobo alasiri treni iliondoka. Marehemu alikaa mbele, nyuma ya injini. Kwenye vibehewa walikaa watoto tisa wa watu tusiowajua, mkubwa wao labda miaka minane, na mimi nikakaa kibehewa cha mwisho. Domina alitembea pembeni na ndoo ya makaa. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Kaka yangu alikuwa anacheka peke yake, na mimi sikuwa nimemuona akicheka vile tangu tukiwa wadogo.

Katika mzunguko wa pili nilimuona ameacha kucheka. Alikuwa anagongagonga kioo cha maji kwa kidole. Kioo hicho huonyesha maji yaliyobaki ndani ya boila, na maji yalikuwa yanashuka. Alifungua pampu, pampu haikuvuta. Akaijaribu tena, haikuvuta. Nisiyejua lolote nilijua hili moja, kwa sababu alitueleza wote mara mia: boila yenye moto na isiyo na maji hupasuka, na dawa yake ni moja tu, kuutoa moto. Alikaza breki, treni ikasimama. Akaishika pini ambayo ukiivuta, chanja ya makaa huanguka chini pamoja na moto wote. Pini ilikuwa imekwama. Alivuta kwa mikono miwili, mguu ameukita kwenye reli, halafu akaiachia, akashika kifua, akaanguka ubavu kwenye majani.

Domina alitupa ndoo, akapiga magoti, mkono wake tayari uko shingoni mwa baba yake. Marehemu alikuwa bado anaona, nami nilikuwa nimeshashuka na kufika karibu yao. Maneno yake ya mwisho hapa duniani niliyasikia kwa masikio yangu, na kikao hakikuniuliza. Alisema, "Niache mimi. Toa moto. Watoto, Domina."

Akamwacha. Ndiyo, alimwacha. Alimpa mgongo baba yake aliyekuwa chini, akaenda kwenye injini. Hilo ndilo aliloliona mzazi mmoja kutoka mbali, na ndilo alilomsimulia Fidelis pale hospitali, kwamba binti muuguzi alimwacha mzee anakufa akashughulikia chombo cha kuchezea. Koleo halikuwa karibu. Aliivuta pini kwa viganja vyake, ya moto hivyo hivyo, mpaka ikatoka, makaa yakamwagika. Mimi nilikuwa nawashusha wale watoto mmoja mmoja. Bwana Peterson alikuwa na saa mkononi kwa sababu ndiye aliyekuwa anapanga zamu za treni, na anasema haikufika dakika moja. Kisha Domina alirudi kwa baba yake, akamsukuma kifua kwa viganja vile vilivyoungua kwa dakika kumi na nne, mpaka ambulansi ikafika, na alipoambiwa apishe hakusikia, ilibidi wamwondoe. Marehemu alithibitishwa kufariki saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Watoto tisa walirudi kwao wote. Mama mmoja wa watoto hao yuko hapa leo, ingawa haelewi ninachosoma.

Bwana Peterson alifungua tangi la maji siku iliyofuata. Alikuta jani la mti limeziba tundu la kwenda kwenye pampu. Jani moja, la ukubwa wa dole gumba. Maji yale yalitoka kwenye pipa la bustani, ambalo lilikuwa limejaa majani, na ndiyo maana wenye injini hawatii maji bila chujio. Alipokuja kunieleza, alinieleza taratibu, akidhani sijui habari ya chujio.

Aliyetia maji yale ni mimi. Kaka yangu alinikabidhi ndoo na chujio, akaniambia, "Chuja, Dorothea, usiwe na haraka." Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, nilitaka kwenda kukaa, na nikaona maji ni maji. Niliyamimina moja kwa moja. Nilipoulizwa kama tayari, nikasema tayari. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, najua, daktari ameniambia ungeweza kusimama hata akiwa kitandani. Lakini Jumamosi ile ulisimama kwa sababu alikuwa anavuta pini, na alivuta pini kwa sababu yangu. Nimelijua hilo tangu Jumapili. Jumatano mlipomhukumu mtoto wa watu mimi nilikuwa nauliza nani anataka sukari. Domina alijua ni nani aliyejaza tangi. Alikaa pale kwenye kiti cha karibu na mlango, akatukanwa, akanitazama mara moja, na hakunitaja. Naona haya, ndugu zangu. Naona haya mbele ya jeneza la kaka yangu.

Marehemu ameacha mjane, Anitha. Watoto watatu, Domina, Nehemiah na Serah. Dada mmoja, ambaye ni mimi. Mdogo wake Fidelis. Na wajukuu wanne. Utaratibu wetu mnaujua: mjane hutupa udongo kwanza, anafuata mzaliwa wa kwanza. Fidelis, leo utaratibu utabaki hivyo, na ukiwa na neno nami, tukutane baada ya maziko.

Domina, pita mbele, mwanangu. Bendeji hizo hazitakuruhusu kushika udongo. Nitaushika mimi, wewe niwekee mkono wako juu ya wangu tuuachie pamoja. Tukimaliza, mimi nitakwenda kusimama kule nyuma ulikokuwa umepangiwa wewe. Kaka yetu Gwakisa alale kwa amani.