Kabati wa Masjala na Kazi ya Kuyatafuta Maneno

Jumatano ya tarehe 17 Julai 2024, mnamo saa nne asubuhi, mama yetu tuliyekusanyika kumsindikiza leo alisimama mlangoni pa jiko lake, akamtajia mumewe vitu saba vya kununua dukani, bila karatasi, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka tisa, maana hilo lilikuwa zoezi lake la kwanza la siku, na mumewe akaenda, akarudi na vitu sita. "Na kiberiti?" akauliza. Mumewe akakiri kwamba kimemtoka akilini. "Baba Watoto, sasa mgonjwa ni nani humu ndani?" Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango, akamrudisha dukani, na hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne kati ya saba wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, ambako mwalimu wake alizoea kumwita mbele ayataje majina ya darasa zima, watoto arobaini na wawili, kwa kufuata madawati, bila kugusa daftari la mahudhurio, kisha akaendelea na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, na mwaka 1976 akahitimu cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, akiwa wa pili katika mkondo wake, nafasi ambayo hakuwahi kuisamehe.

Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa katika masjala ya hospitali kuu, chumba cha chini ya ardhi chenye dirisha moja lililoonyesha viatu vya wapita njia, na humo alihudumu miaka arobaini. Madaktari walimwita Kabati, kwa kuwa lililoingia kwake halikupotea, na ilikuwa kawaida kwa daktari kupiga simu kutoka wodini, akataja jina la mgonjwa tu, naye akajibu kwa namba ya jalada na rafu lilipo, kabla simu haijapoa mkononi.

Ni katika chumba hicho, mwaka 1978, alipokutana na kijana mmoja, mwalimu msaidizi wa hesabu chuoni, aliyefika kutafuta jalada la mama yake mzazi. "Namba?" akamuuliza. Kijana hakuwa nayo. "Mwalimu wa hesabu, huna namba?" Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 22 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1981, ambaye leo ni fundi umeme, kijana wa pili mwaka 1984, mhasibu, na kitinda mimba mwaka 1988, muuguzi, na marehemu ameacha pia wajukuu watano, ambao siku zao zote za kuzaliwa alizijua pamoja na uzito waliozaliwa nao.

Jumanne ya tarehe 9 Juni 2015, akiwa kazini, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulirudi baada ya wiki sita, lakini maneno hayakurudi. Aliyajua, aliyaona, alishindwa kuyafikia, na mama aliyekuwa akitaja namba elfu kadhaa alikaa kitandani akielekeza kidole kwenye kikombe bila kuweza kukiita kikombe. Ofisi ya utawala, kwa nia njema, ilipendekeza astaafu kwa sababu ya ugonjwa. Alipoelezwa, alitikisa kichwa, akaonyesha vidole viwili, maana ilibaki chini kidogo ya miaka miwili afikishe umri wa kustaafu, na familia ikaelewa kwamba mama anataka kutoka masjala kwa miguu yake, akiwa mfanyakazi, si akiwa jalada.

Mwezi Julai alianza tiba ya mazoezi ya ubongo, chini ya mtaalamu ambaye wagonjwa wanamwita Refa, kwa ajili ya saa yake ya kupimia muda. Siku ya kwanza Refa alimwekea kadi zenye picha za bata na mpira, marehemu akazisukuma zikaanguka chini ya meza, na Refa hakukasirika, aliokota kadi zake, akasema, "Haya mama, tumeelewana." Juma lililofuata alikuta majalada sitini ya kahawia yamepangwa mezani, yenye majina ya kubuni na namba, na kazi yake ikawa kuyataja, kuyapanga, kuyaficha na kuyatafuta, saa nzima kila siku, kwa sababu, kama Refa alivyoieleza familia, ubongo ulioumia hujenga njia mpya pale panapopitwa mara nyingi, na afadhali njia hizo zielekee mahali mtu anakotaka kwenda.

Jioni zoezi lilirudiwa nyumbani, mumewe akishika saa na kuandika matokeo katika daftari la miraba, akichora mstari kwa rula, na mstari ulipanda vizuri sana. Mwishoni mwa Agosti Refa aliliomba daftari hilo, akalitazama kwa muda mrefu. "Mwalimu, nyumbani anapata kumi na nane, kwangu anapata tisa. Hiyo nyumba yenu ina nini?" Akawataka wafanye zoezi mbele yake, na kabla ya jalada la tatu akasimamisha saa. "Nimeona. Mwalimu, midomo yako!" Kumbe kila marehemu alipokwama, mumewe alikuwa akianzisha silabi ya kwanza kwa midomo, bila sauti, bila hata kujua, kwa wiki saba, kwa sababu hakuweza kumtazama anavyohangaika, na kwa njia hiyo alikuwa amemnyima kazi ileile iliyopaswa kumponya. Marehemu akamwelekezea kidole, akavuta pumzi, na polepole akatoa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu Juni: "Huyu... ndiye... anayefaulu." Refa alicheka mpaka akakaa. Kuanzia siku hiyo mumewe alikalishwa akitazama ukuta, akapewa sharti moja, asiongeze neno hata likichelewa kiasi gani, na alipogeuka kidogo tu alisikia nyuma yake neno ambalo halikumsumbua marehemu hata siku moja: "Ukuta!"

Tarehe 3 Novemba 2015 aliitwa mbele ya jopo la hospitali la watu watatu, lililopaswa kuamua kama anaweza kurudi kazini. Aliwaomba wasimuulize maswali, wampe kazi. Wakampa orodha ya majalada ishirini, akashuka nayo masjala, akakaa dakika hamsini, muda ambao zamani ungemtosha kupata mia, akapanda na kumi na tisa. La ishirini, akasema, akitafuta kila neno mahali pake, halipo rafuni, "uliliazima wewe, mwenyekiti, Aprili." Mwenyekiti wa jopo alivuta droo yake ya chini, akalikuta. Marehemu alirudi kazini tarehe 16 Novemba, na tarehe 14 Machi 2017, akitimiza miaka sitini, alikabidhi funguo, akasaini kwa mkono wa kulia, akapanda ngazi kumi na nane bila kushikwa mkono.

Familia ingependa kusema kweli, kama ambavyo yeye angetaka. Mazoezi hayakurudisha kila kitu. Simu zilimchosha, mwavuli aliuita mlango hadi mwisho wa maisha yake, na Refa hakuwahi kuahidi muujiza, bali alisisitiza dawa za shinikizo la damu, kutembea, usingizi na watu wa kuzungumza nao, kwa uzito uleule wa majalada. Lakini mazoezi yalimpa miezi kumi na sita ya kazi aliyoipenda na miaka saba baada yake, na hiyo miaka saba, kila Alhamisi, alirudi katika chumba cha Refa kwa kujitolea, akakaa mkabala na wagonjwa waliopoteza maneno, akawasubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Siku ile ya Jumatano mumewe aliporudi kutoka dukani mara ya pili alimkuta kwenye kiti, hana fahamu, kwa kiharusi cha pili. Alifikishwa hospitali saa sita mchana, na saa tisa na dakika kumi alasiri akafariki dunia, watoto wake wote watatu wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mishipa ya fahamu, majirani waliobeba machela hadi barabarani, wafanyakazi wa masjala wa zamani na wa sasa, na kwa namna ya pekee Refa na wagonjwa wake.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Alhamisi, na mumewe alikwenda kwa miguu hadi katika chumba cha mazoezi, kwa sababu dereva mstaafu wa malori wanayemwita Mzee Gia, aliyepata kiharusi mwezi Februari, alikuwa ameketi akimngoja marehemu. Refa alimweleza mzee habari za msiba. Mzee akaushika mkono wa mfiwa huyu, akafungua mdomo, na neno likakwama. Refa alilijua, wagonjwa waliokaa dirishani walilijua, na mume wa marehemu, ambaye silabi ya kwanza ya neno hilo ilikuwa tayari midomoni mwake, aliifunga midomo, akamtazama mzee machoni, akasubiri, na hakuitazama saa, hadi mzee alipolifikisha mwenyewe: "Pole."

Mke wetu, mama yetu, bibi yetu, umefanya kazi yako yote, sasa pumzika, kwa amani uliyoitafuta neno kwa neno.