Malkia Stanimira wa Velgora na Mkate wa Wageni

Tuliokuja kumzika ni kumi na mmoja, na wawili kati yetu ni askari waliotumwa kutusikiliza. Karibuni. Mimi ni Vida, mdogo wake marehemu.

Stanimira alizaliwa tarehe 14 Machi 1889, kijiji cha Studenik, binti wa kwanza wa mzee Dragutin, mfuga kondoo. Alisoma kwa masista wa Dolmin miaka sita. Hesabu zilimshinda kabisa, lakini alikuwa na mwandiko mzuri.

Tarehe 20 Septemba 1909 aliolewa na Mfalme Radivoj. Siku ya harusi aliinuka mezani akaanza kugawa sahani. Mama mkwe akamnong'oneza, "We mtoto, malkia habebi sahani!" Akajibu, "Basi mama, nani atawalisha wageni wangu?" Ukumbi mzima ukacheka. Alikaa karibu miaka saba bila mtoto, akisemwa kila kona, hadi tarehe 6 Mei 1916 alipojifungua Rastko.

Sitamsafisha hapa. Mwaka 1919 watu walikuwa wanakula mkate wa tunda la mwaloni, naye akachinja kondoo arobaini kwa sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba. Nilimsihi, "Dada, ahirisha, watu wana njaa." Akasema nyumba isiyomfanyia mtakatifu wake karamu haina mwenyewe. Muziki ulisikika mjini kote. Oktoba mapinduzi yakaja, na mfalme akauawa darajani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshatandika punda, njia ya mlimani ikiwa bado wazi.

"Dada, mchukue mtoto twende zetu!"

"Wanakuja kwangu, nami nikimbie? Kwetu mgeni hakimbiwi, Vida. Washa tanuri."

Wapishi walikuwa wameshatoroka, akakanda unga mwenyewe. Ninyi mnaijua desturi yetu: aliyekula mkate na chumvi ya nyumba hainui mkono juu ya mtu wa nyumba hiyo. Dada aliweka maisha ya Rastko juu ya hilo.

Saa sita mchana wanamapinduzi waliingia, wakiongozwa na Ognjan, mwalimu wa shule. Kijana mmoja mwenye bunduki akapiga kelele, "Lo! Kumbe malkia ana mikono! Tulidhani analishwa kwa kijiko." Dada akacheka nao, akawakatia mkate na kuwawekea kibakuli cha chumvi. Ognjan alikula vipande viwili, akausifu. Kile kibakuli cha chumvi alikisogeza pembeni kwa kidole. Nilimwona. Nikanyamaza, maana dada alikuwa anatabasamu, na punda bado walikuwa nyuma ya nyumba.

Walipomshika mtoto, dada alisema, "Mwalimu, umekula chumvi yangu!"

"Mkate nimekula, mama. Chumvi sijaigusa. Muulize mdogo wako, aliniona."

Dada alinigeukia. Mungu wangu, yale macho! Rastko alibebwa akilia, kiatu kimoja mguuni.

Dada alifungwa miaka mitatu. Kuanzia mwaka 1922 alifua mashuka ya hospitali ya Dolmin, miaka ishirini na minane. Kila tarehe 6 Mei aliandika barua kuuliza habari za mwanawe, na hakujibiwa hata moja. Mimi hakunilaumu hata siku moja. Heri angenitukana.

Novemba iliyopita mapafu yalimzidi. Januari nilimpata Rastko. Ni mhandisi wa reli, ana jina jingine, ana pua ya baba yetu. Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia mama yako anakata roho. Aliniletea kiti, akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Pole sana, bibi," akasema. "Lakini umekosea mtu. Mimi ni yatima. Wazazi wangu waliuawa na malkia."

Ndivyo walivyomfundisha. Nilirudi nikamwambia dada kwamba mwanawe yuko njiani. Akaniomba nimchane nywele na kumvika blauzi safi. Alikaa hivyo siku nne, akiutazama mlango, akafariki tarehe 2 Februari 1951, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Ameacha mdogo mmoja na mwana mmoja. Lala, dada. Usimngoje tena, haji.