Numisius, Fundi wa Vibanda vya Miungu Walinzi

Baada ya kukitumikia chama chetu cha mafundi ujenzi wa Ostia, bandari ya Roma, kwa miaka thelathini na minane, Fundi Titus Numisius anaweka mwiko chini siku ya kwanza ya Mei, sikukuu ya miungu walinzi wa nyumba. Siku hiyo kila nyumba mjini huwavisha miungu wake mashada ya maua, isipokuwa nyumba ya Numisius. Kaijengea Ostia nzima vibanda vya miungu, vile vijumba vya ukutani vya kuwekea sanamu zao, lakini wa kwake mwenyewe wamekaa miaka yote kwenye kikapu cha vitunguu, kwa kuwa chumba ni cha kupanga na mwenye nyumba hataki ukuta uchimbwe. Tulijiuliza: jamani, hivi atastaafu nao kikapuni?

Nimefanya naye kazi tangu enzi zile nikibeba nguzo ya marumaru kwapani, na nyingine nikiitembelea kama bakora. Wapo wanaobisha, hawakuwepo. Ila kwa vibanda, hata mimi simfikii. Huketi kwanza mbele ya ukuta mtupu, macho yamefumbwa nusu, moshi wa majiko ukimpitia usoni, mpaka kibanda kijitokeze chenyewe: vinguzo viwili, kipaa kilichochongoka, na ndani kigiza kitulivu. Siku moja niliketi naye, nikakiona kabla hajaweka hata tofali moja. Naapa, ndani yake taa ilikuwa inawaka.

Kosa lake mtaa mzima unalijua. Kwa Pacuvia, muoka mikate, aliwapima miungu toka unyayo hadi utosini, akasahau kwamba miungu walinzi huinua mkono wenye pembe ya mvinyo juu ya kichwa. Hawakuingia.

"Fundi wee, unataka wanywe wamelala?" Pacuvia akamshukia, mikono kiunoni.

"Mama, nilidhani wameacha ulevi."

"Waache wao, wewe je?"

Siku hiyo hatukula mkate, maana Pacuvia hawashi tanuri miungu wake wakiwa hawana pa kukaa. Numisius akabomoa, akajenga upya. Tangu hapo kila aliyefundishwa naye anajua: acha nafasi ya pembe, kisha ongeza ya shada.

Basi chama kimemtengenezea kibanda cha mbao. Kinaegemea ukuta, hakiuchimbi. Mwenye nyumba alikizunguka akitafuta kosa, akaishia kuomba chake. Vinguzo nimechonga mimi, na njiwa wawili walitua wakidhani ni miti.

Juzi tulipompelekea, Numisius alikwenda kuchukua kikapu. Aliketi nacho mapajani mbele ya kibanda, macho yamefumbwa nusu, hata tukadhani amelala. Kisha akawatoa miungu wake mmoja mmoja, akiwapangusa maganda ya vitunguu, akawaingiza. Pembe hazikugusa dari.

Asante, Numisius, kwa kila ukuta uliouota kwa niaba yetu. Tunakutakia uzee mwema, wewe na wenzio waliotoka kikapuni, chini ya paa lenye nafasi ya kuinua mkono.