Mzee Zahoro na Taa za Gari la Mwaka 1964

Baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, Bw. Zahoro Amiri, fundi umeme mkuu wa karakana yetu ya Kibaha, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Kama ofisa usafirishaji, niliombwa niandike wasifu wenye furaha. Nimejaribu.

Mzaliwa wa Kisarawe, aliajiriwa na shirika letu la kliniki tembezi Julai 1988 na kukabidhiwa gari la kwanza kabisa la shirika, la mwaka 1964, lililokuwa likipeleka chanjo Magindu na Dutumi. Magari mengine yalikuja, yakachakaa, yakaondoka. Hilo alilitunza mpaka wageni wakawa wanaomba kupiga nalo picha. Mafundi wetu wote wa umeme wa sasa wamepita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kufokewa.

Mwaka 1996 panya walitafuna nyaya za taa za nje. Stoo ilikuwa na bunda moja tu la waya mwekundu, naye akazisuka upya nyaya za taa zote kwa rangi hiyo moja. Ili asipotee, alifunga kwenye kila ncha kipande cha ukindu uliotiwa rangi, mabaki ya mikeka anayosuka mkewe, Bi. Hajira: kijani kwa indiketa za kushoto, zambarau kwa breki, na kuendelea. Mchoro mwingine haukuwepo.

Aprili mwaka huu uongozi uliamua kwamba gari likifaulu ukaguzi wa tarehe 20 Juni litabaki. Likishindwa, litauzwa kama chuma chakavu. Mzee Zahoro aliomba zawadi moja tu ya kuagwa: gari libaki. Nami, nikitaka kumfurahisha, nilisaini lipakwe rangi upya akiwa likizoni, taa zifunguliwe na takataka zote kwenye nyaya ziondolewe. Ziliondolewa, zikachomwa.

Aliporudi alilizunguka gari, akalisifu, kisha akachungulia nyuma ya taa.

“Jamani, ukindu wangu uko wapi?”

Nilimwambia kwamba tumeuchoma pamoja na takataka.

Alianza upya na taa ya kupimia, waya mmoja baada ya mwingine. Kwanza alikwangua rangi mpya mahali taa zinaposhika bodi, maana ilizuia umeme kurudi kwenye betri. Taa zikawaka, lakini hovyo: ukikanyaga breki, inawaka indiketa. Mtani wake Ponsiano, Mnyamwezi wa stoo, hakumwacha.

“Mzaramo, gari lako limeingia siasa. Linasimama huku likitangaza linakata kona.”

“Cheka, mtani. Ila shika hiyo taa vizuri.”

Kufikia siku ya ukaguzi kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa taa ya breki ya kulia. Waya wake ukipimwa peke yake unaonyesha umeme. Ukibebeshwa balbu, balbu inafifia na kuzima. Mzee alikuwa ameshuku kila muungano ila waya wenyewe, kwa kuwa aliutandaza kwa mkono wake. Mkaguzi, Bw. Leodegar, alikanyaga breki mara tatu.

“Nisamehe, mzee wangu. Siwezi kuandika ninachokitamani.”

Jumatatu iliyofuata kamati ya uongozi ikasaini gari liuzwe. Jumanne Mzee Zahoro akagundua kwamba waya huo ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya chasisi. Akapitisha mwingine, na taa ikawaka.

Sijui kama bila agizo langu gari lingefaulu. Huenda waya ule ungekufa vilevile, na yeye husema ungekufa. Nadhani husema hivyo kwa upole, ingawa hata hilo sina hakika nalo. Nina hakika tu kwamba wiki sita alizotafuta rangi zilizochomwa angeweza kuzitumia kuutafuta waya mmoja. Nimeandika barua mbili kuomba ukaguzi wa pili. Nimejibiwa kwamba lililosainiwa halifunguliwi.

Ahsante, Mzee Zahoro, kwa kila msafara uliorudi salama kwa sababu yako. Tunakuombea afya njema na miaka mingi ya utulivu huko Kisarawe, wewe na Bi. Hajira. Gari litachukuliwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Usipofika, tutaelewa.

Taa zake zote zinawaka.