Kituo cha Kwa Vichaa

Kwenye basi, mbele yangu alikaa mshonaji, na pembeni yake fundi bomba na binti yake aliyevaa sare za sekondari. Mshonaji alitaka kliniki ya akili ya vijana ibadilishwe jina. "Kaka yangu, mtoto gani ataingia mlango ulioandikwa 'Kliniki ya Akili'? Si bora waandike hata 'Saluni'!"

"Halafu atoke na nywele zilezile, dada?" fundi akamjibu, kwa sauti iliyomfikia hadi dereva. "Ugonjwa ni ugonjwa. Mtu akiumwa jino anajificha? Aibu hii tunawapa sisi wazazi."

Basi likasimama kwenye kituo cha kliniki hiyo. Konda akagonga bati: "Kwa Vichaa hapa! Vichaa wapo? Vichaa washuke!"

Fundi, aliyekwisha kuinuka nusu, akarudi kitini taratibu kama aliyekuwa anaweka sawa suruali. Basi likaondoka.

"Baba," binti akamnong'oneza, "jino tumelipita."

"Tutashuka cha mbele. Tunyooshe miguu kidogo."

"Umeona sasa?" mshonaji akasema.

Kituo cha mbele tulishuka nusu ya basi, mimi na mshonaji tukiwemo, tukarudi kwa miguu, kila mtu akijifanya hamjui mwenzake.