Mwalimu Zita, Aliyeitwa Shikamoo

Baba Paroko, Bibi yangu Victoria, wazee wa ukoo, na nyote mliopanda hadi hapa Shimbwe na tope hili, asanteni. Mimi ni Doris, mtoto wa pekee wa marehemu. Mjomba Remigius alitaka asome yeye, akasema mimi nitalia. Nitalia, ndiyo, lakini nitasoma.

Mwalimu Zita Sylvanus Mmasi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1954 hapa hapa Uru, ng'ambo ya mto, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Sylvanus. Wanasema alizaliwa asubuhi mlima ukiwa wazi kabisa, na maisha yake yote hakuweza kuanza kazi kabla hajatoka nje kuutazama. Alianza shule ya msingi mwaka 1962, na mwaka 1974 akamaliza chuo cha ualimu Marangu. Huko kote alisifiwa mwandiko na kulaumiwa kwa kuota mchana. "Zita, umeenda wapi?" walimu walikuwa wakimwuliza. Naye hujibu, "Nipo, mwalimu. Narudi."

Alifundisha darasa la kwanza Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, kisha akahamishiwa Uru. Tarehe 12 Januari 1980 alifunga ndoa na Jacob Temu, karani wa kupokea kahawa. Nilizaliwa tarehe 9 Juni 1984. Baba alifariki mwaka 1988 kwa ugonjwa wa ini, akamwacha mama na mshahara ambao, kwa maneno ya Bibi Victoria mama yake baba, ulikuwa unafika umeshachoka. Kahawa nayo haikuwa na bei, watu wanang'oa mibuni waziwazi. Ndipo mama alipoomba kazi Botswana, na mimi nikabaki na Bibi kihambani, kwenye migomba na mibuni ya ukoo.

Tarehe 8 Januari 1990 aliingia darasa la chekechea katika mji mdogo ulio katikati ya mchanga. Barua yake ya kwanza ninayo: "Hapa hakuna mlima. Nikiamka sijui nitazame wapi." Siku zake zilikwenda hivi: asubuhi anawavua watoto viatu na kukung'uta mchanga, anawafuta kamasi, anawaimbisha namba. Saa sita wanakula uji mzito wa mtama, kisha wanalala kwenye mikeka, arobaini kwa pamoja, naye anakaa mlangoni akisikiliza wanavyopumua. Aliandika kwamba saa ile, joto likipanda kutoka mchangani, mawingu ya kaskazini yalikuwa yakijipanga mpaka anaiona Kibo, na theluji yake, na moshi wa jiko la Bibi. Alikuwa hapepesi macho, asije akaikosa.

Sasa lile jina. Siku ya kwanza alitaka kuwafundisha adabu ya kwetu. Akajigusa kifua, akasema, "Shikamoo." Alimaanisha: mimi mkubwa, niamkieni hivyo. Watoto wale hawajawahi kulisikia neno hilo, wakaelewa mwalimu anataja jina lake. Tangu hapo ikawa Mma-Shikamoo, yaani Mama Shikamoo. "Shikamoo, kalamu yangu imevunjika!" "Shikamoo, huyu kanifinya!" Alijaribu kusahihisha, wapi! Mwisho akakubali yaishe, akawa anaitika, "Naam." Hata wazazi waliandika barua za ruhusa kwa Mma-Shikamoo. Karibu miaka minne neno lile aliitwa nalo kutwa nzima, mpaka likaacha kuwa salamu masikioni mwake.

Alikuja likizo tarehe 23 Desemba 1993, siku zile ambazo kila Mchagga aliye mbali anarudi nyumbani. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi alikuwa amenisuka na kunivalisha gauni lenye mkanda, na wiki nzima tumefanya mazoezi. Mama akaingia na begi begani, macho mekundu kwa safari ya siku nne. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Naam?" akasema. Akanitazama, anasubiri niseme shida yangu.

Jamani, watu walicheka! Mimi sikucheka. Mtoto akiamkia na mkubwa asiitikie, maana yake nini? Nilielewa kwamba amenikataa mbele ya ukoo mzima. Nikatoka mbio hadi migombani, na machalari, ndizi na nyama zilizopikwa kwa ajili yake, sikula. Waliponieleza habari ya jina, ndiyo nikazidi kukasirika: kumbe kuna watoto arobaini wanaoitikiwa kila siku! Sikumwamkia tena. Nilikuwa nasema "Habari za asubuhi," kama kwa mtu tuliyekutana posta. Bibi alinigombeza, akanitishia fimbo, lakini mama akamwambia, "Mwache. Atarudi mwenyewe." Nina kichwa kigumu, mnanijua. Nilimnyima shikamoo yake kwa karibu miaka kumi na moja, na leo naona aibu kuisoma miaka hiyo mbele yenu.

Alirudi moja kwa moja Desemba 2000. Banda la kukobolea kahawa halikuwa na kazi tena, akaligeuza chekechea, na watoto wenu wamepita pale. Mnamkumbuka alivyokuwa akitoka asubuhi, anautazama mlima kwanza, ndipo anafungua mlango. Watoto wakimwamkia, ulimi bado uliteleza: "Naam... marahaba, marahaba." Mimi nilikuwa nyuma naosha vikombe vya uji, nazisikia salamu zote, na kila moja iliniuma.

Figo zilianza kumsumbua Machi mwaka huu. Alilazwa mara tatu mjini Moshi. Jumapili iliyopita, tarehe 17 Oktoba, saa tisa alasiri, nilikuwa naye peke yangu. Alikuwa ameshaenda huko kwenye mchanga wake, anasema taratibu, "Robalang, robalang," neno alilokuwa akiwaambia wale watoto walale. Nikaogopa sana kwamba safari hii harudi. Nikapiga goti sakafuni, pale kati ya vitanda.

"Shikamoo, mama."

"Naam," akaitika, macho amefumba.

"Mama, siyo wale. Ni mimi, Doris. Ninakuamkia."

Akafumbua macho, akanitazama mpaka akanipata. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Na ile ya Krismasi niliitikia, Doris. Niliitikia kwa sauti. Wewe ulikuwa umeshafika migombani."

Alifariki Jumanne, tarehe 19 Oktoba 2004, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilitoka nje nikautazama mlima kwa niaba yake.

Ameacha mama mkwe wake, Bibi Victoria, aliyenilea, mdogo wake Remigius, mimi, watoto ishirini na sita wa banda la kahawa, ambao Jumatatu watafika na vikombe vyao na watanikuta, na wengine wengi, sasa wakubwa, huko mchangani, wasiojua kwamba jina wanalomkumbuka nalo ni salamu.

Mungu amlaze taratibu, kama alivyowalaza watoto wa watu mikekani, na amwamshe mlima ukiwa wazi.

Shikamoo, mama. Leo sikimbii.