Chupa ya Tonton Bagalwa

"Sema hapakuwa na chupa. Basi."

"Ilikuwepo, tantine. Niliinunua mimi."

"Kwa hiyo unataka kwaya isije Jumamosi?"

Wasikilizaji wapendwa, hayo tumeyagombania hapa studio ya redio yetu, mtaa wa Frogtown, huku ughaibuni, nyinyi mkisikiliza matangazo ya biashara. Mimi ni Pacifique. Yeye ni Tantine Bernardine, mjane wa mjomba wetu, Tonton Bagalwa. Yuko nyuma ya kioo, amevaa headphone, ananiangalia. Kanisani wameambiwa shemasi wao alikufa akinywa bia. Nisipokana, kwaya haitamwimbia kaburini.

Tonton Bagalwa. Miaka sitini na moja. Huku mlimjua kama mzee wa kuendesha forklift, ile mashine ya kuinua mizigo, ghalani kule Plymouth. Bukavu alikuwa mwonjaji wa bia kiwandani. Mwonjaji, narudia. Kila asubuhi anaonja, anasema hii iende sokoni, hii imwagwe. Alipookoka kwenye kambi ya wakimbizi akaacha. Miaka kumi na tisa, hata tone. Lakini ulimi haukustaafu: mchuzi wa tantine aliuonja akasema sufuria haikuoshwa vizuri. Tantine anamrushia mwiko.

Halafu kansa ya koo. Wakamchoma mionzi, wakamwekea mpira wa chakula tumboni. Alikuwa hamezi kitu. Hamezi, narudia. Wiki iliyopita akaniambia nimletee bia ya Waingereza, ya chupa, ile kali, chungu kuliko zote. Alitaka kujua kama ulimi wake bado uko. Mimi shule niliacha darasa la tisa, sijui kubishana na mgonjwa. Nikaenda kununua.

Nikammiminia kwenye kikombe cha plastiki. Akanusa. Akaizungusha mdomoni, macho amefumba, akaitema yote.

"Maji," akasema. Akajaribu tena. "Pacifique, ni maji."

Akaniambia nionje mimi, nimsimulie. Nikasema chungu, kama kwinini. Akasema huo ni uvivu, nianze upya. Nikaonja tena polepole. Nikamwambia: ganda la chungwa. Majani mabichi. Mkate ulioungua. Mwishoni inachoma kifua. Akawa anaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka.

"Hiyo nzuri," akasema. "Hiyo iende sokoni."

Halafu akanishika mkono. "Usiende kusema redioni nilikufa kwa amani. Sema ulimi ulitangulia."

Siku nne baadaye akafa. Ndiyo hivyo. Sina maneno matamu ya kuongeza.

Poleni sana watoto wake, Merveille na Bonheur. Pole tantine. Nanyi wa kanisani, kaeni leo mfikirie: mtu asiyeweza kumeza hata mate yake, mnamhukumu kwa kunywa?

Nimesema, tantine.

Simu yake imewaka. Anaisoma. Sasa ameibandika kwenye kioo ili nione. Ni kiongozi wa kwaya, neno moja tu: Hatuji.

Amevua headphone. Amechukua koti lake. Tantine, ngoja. Tantine.

Amenipa mgongo, wasikilizaji. Anaondoka.